Mimba ya baada ya miaka 35 haitaki kufichwa

Mficha uchi hazai, walisema wahenga. Wangepita Kagera leo wangeongeza neno: hata aliyekwisha kushika mimba, akiificha, bado hajavuka.

Mchukue mama wa miaka 41 wa Kamachumu, wilayani Muleba. Ana watoto 6. Kitinda mimba wake ana miaka 11, na binti yake mkubwa ameolewa Nshamba, ana mtoto anayetambaa. Hedhi ilipokata, mama alidhani ni utu uzima unabisha hodi. Kichefuchefu akakisingizia malaria. Alipotambua kuwa ni mimba, haya ikamshika: bibi mwenye mjukuu atakaaje kwenye benchi la kliniki na wasichana wa rika la bintiye? Akajitanda kitenge kipana, akaendelea kupalilia migomba na kuchuma kahawa. Nesi alipomwona mara ya kwanza, mimba ilikuwa ya miezi 6.

Mchukue na mwingine, wa Bukoba mjini. Ana miaka 37, ni mtumishi mwenye shahada. Aliolewa akiwa na miaka 34, na hii ndiyo mimba yake ya kwanza, baada ya miaka 3 ya kuulizwa na mawifi, "Vipi, bado hakuna habari?" Huyu hana haya, ana hofu. Kwao mimba changa haitangazwi mpaka ishike, maana watu wana macho. Akangoja mwezi wa 5 ndipo akaenda kuchukua kadi.

Wote wawili ni wa mfano tu, ndiyo maana hawana majina. Hata hivyo, mkunga yeyote aliyekaa kazini miaka michache kati ya Bukoba na Muleba akisoma mistari hii atawatambua. Na wote wawili wamepoteza kitu kilekile, ambacho hakiuzwi katika duka la dawa wala hakipatikani kwa rufaa ya hospitali ya Bugando, Mwanza. Wamepoteza wiki.

Mazungumzo ya vipimo kwa mama mwenye umri mkubwa huanza na mashine: ipo wapi, bei gani, inaona nini. Makala haya yanaanza na kalenda, kwa sababu kila kipimo kina wiki zake, na wiki hizo nyingi ziko mwanzoni, wakati mimba bado imefichwa chini ya kitenge.

Umri unabadilisha nini

Mwanamke huzaliwa na mayai yake yote. Yai linalopevuka akiwa na miaka 40 limekaa mwilini mwake miaka 40 na ushei. Kazi ya yai hilo ni kugawa kromosomu zake, zile nyuzi zinazobeba vinasaba, ili nusu moja tu ibaki ikisubiri nusu ya baba. Kadiri miaka inavyokwenda, mgawanyo huo hukosea mara nyingi zaidi. Kromosomu ya 21 ikibaki ya ziada, mtoto huzaliwa na sindromu ya Down, hali iliyopewa jina la John Langdon Down, daktari Mwingereza aliyeieleza mwaka 1866. Chanzo chake kilijulikana mwaka 1959, watafiti wa Ufaransa walipohesabu kromosomu za watoto hao na kukuta 47 badala ya 46.

Hesabu zake zinajulikana vizuri duniani. Kwa mama wa miaka 25, ni takribani mtoto 1 kati ya 1,250. Kwa mama wa miaka 35 ni 1 kati ya 350. Kwa miaka 40 ni 1 kati ya 100, na kwa miaka 45 ni 1 kati ya 30. Zigeuze uzisome kwa upande wa pili: kati ya akina mama 100 wa miaka 40, 99 watazaa mtoto asiye na hali hiyo. Mama wa Kamachumu anastahili kuambiwa pande zote mbili za hesabu, kwa sababu jirani zake watamwambia upande mmoja tu.

Umri wa miaka 35 wenyewe hauna muujiza. Mpaka huo uliwekwa miaka ya 1970 huko Ulaya na Marekani, wakati kipimo cha uhakika kilikuwa kuchoma sindano tumboni, na madaktari walitaka mahali pa kuanzia ambapo faida ya sindano ingelingana na hatari yake. Mwili haujui kwamba jana ulikuwa na miaka 34. Hatari hupanda taratibu kama mlima wa kutoka Muleba kwenda Kamachumu, haipandi ghafla kama ukuta wa jabali.

Kromosomu ni sehemu ya habari tu. Baada ya miaka 35, na zaidi baada ya 40, presha ya mimba na kifafa cha mimba huongezeka. Kisukari cha mimba huongezeka. Kondo la nyuma hukaa vibaya mara nyingi zaidi, hasa kwa aliyewahi kuzaa kwa upasuaji. Mimba hutoka kwa wingi zaidi, na nyingi kati ya hizo zinazotoka mapema zilikuwa na hitilafu ya kromosomu tangu mwanzo, jambo ambalo hakuna mama aliyelisababisha kwa kubeba ndoo ya maji au kulima. Aliyezaa mara nyingi, kama mama wetu wa Kamachumu, ana hatari zaidi ya kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua, maana kizazi kilichotanuka mara nyingi huchelewa kujikaza.

Haya ndiyo yanayoua. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha vifo vya uzazi Tanzania vimeshuka hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015/16. Ni hatua kubwa. Lakini miongoni mwa sababu kuu za vifo hivyo bado ni kutokwa damu na kifafa cha mimba, mambo yaleyale yanayopanda na umri, na yanayoanza kuonekana kwa vipimo ambavyo zahanati ya kijijini inavyo.

Vipimo vilivyo jirani

Mashine ya presha haisifiwi na mtu. Hata hivyo, kwa mama wa miaka 41 hakuna kipimo kinachoizidi thamani. Presha ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, na mkojo ukionyesha protini, huenda kifafa cha mimba kinakaribia hata kama mama anajisikia mzima kabisa.

Na hapa ndipo kalenda inapouma. Ipo dawa ya bei ndogo inayopunguza uwezekano wa kifafa cha mimba kwa mama mwenye hatari kubwa: aspirini ya kiwango kidogo. Inafaa ianzwe kuanzia wiki ya 12, na ikiwezekana kabla ya wiki ya 16. Madaktari hutazama mambo kadhaa kabla ya kuitoa: umri mkubwa, mimba ya kwanza, kukaa zaidi ya miaka 10 tangu uzazi uliopita, unene, mapacha, presha au kisukari cha zamani. Mama wa Kamachumu ana mawili: umri, na miaka 11 tangu kitinda mimba. Dada wa Bukoba naye ana mawili: umri, na mimba ya kwanza. Kila mmoja angeweza kuulizia kidonge hicho. Mmoja alifika kliniki mwezi wa 6, mwingine mwezi wa 5, wiki bora za kukianza zikiwa zimekwisha kupita. Asije mtu akasoma hapa akakimbilia duka la dawa. Aspirini huandikwa na mtaalamu aliyempima mama.

Kipimo cha pili ni wingi wa damu. Chini ya gramu 11, mama ana upungufu, na mama mwenye upungufu akitokwa damu wakati wa kujifungua hana akiba. Anayejikuta anatamani udongo kila saa amwambie nesi. Mara nyingi ni damu inayolia. Kundi la damu lipimwe mapema pia, kwani mama wa kundi hasi anayebeba mtoto wa kundi chanya huhitaji sindano maalumu ya kumlinda mtoto atakayefuata.

Cha tatu ni sukari. Kisukari cha mimba hupimwa zaidi kati ya wiki ya 24 na 28, mama akinywa maji ya glukosi na kupimwa kabla na baada. Mwenye umri mkubwa, mnene, mwenye ndugu wa kisukari au aliyewahi kuzaa mtoto wa kilo 4 na zaidi aombe apimwe mapema.

Vipo na vile ambavyo kila mjamzito hupimwa bila kujali umri: virusi vya UKIMWI, kaswende, malaria. Kwa malaria, Muleba haihitaji kufundishwa. Jina la wilaya hii linajulikana kwa watafiti wa dunia nzima: ni hapa palipofanyika utafiti wa vyandarua vyenye kiungo cha ziada cha kuvunja usugu wa mbu, uliolifanya Shirika la Afya Duniani mwaka 2017 kukubali vyandarua hivyo. Wilaya iliyoufundisha ulimwengu kuhusu chandarua haina sababu ya kumwacha mjamzito wake alale bila chandarua.

Kisha kipo kipimo kimoja ambacho watu hukisahau wanapozungumzia umri: selimundu. Inakadiriwa kwamba kila mwaka huzaliwa Tanzania watoto wapatao 11,000 wenye ugonjwa huo. Utafiti uliofanywa Bugando kwa damu za watoto wachanga wa mikoa ya kaskazini-magharibi, Kagera ikiwemo, ulikuta takribani mtoto 1 kati ya 5 amebeba kinasaba chake. Wazazi wote wawili wakiwa wamekibeba, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuleta mtoto mgonjwa. Linganisha na ile 1 kati ya 100 ya mama wa miaka 40. Familia inayotetemeka kwa sababu ya umri wa mama huenda haijawahi kuuliza damu ya baba na mama imebeba nini, ilhali kipimo chake ni damu kidogo tu, na kinaweza kufanywa hata kabla ya ndoa.

Picha inayoonyesha zaidi ya jinsia

Ian Donald, tabibu wa Glasgow, alipochapisha picha za kwanza za ultrasaundi mwaka 1958, alikuwa ameanza na mashine iliyobuniwa kukagua nyufa ndani ya vyuma viwandani. Leo mashine hizo zipo katika hospitali ya rufaa ya mkoa mjini Bukoba na katika hospitali kubwa za Muleba: Rubya na Kagondo za Wakatoliki, na Ndolage ya Walutheri. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2016, linapendekeza kila mjamzito apigwe picha angalau mara moja kabla ya wiki ya 24.

Kwetu wengi huenda kupiga picha kwa swali moja: wa kike au wa kiume? Mtaalamu hujibu, watu hucheka, wanarudi nyumbani. Lakini picha ina majibu mengine, na kila jibu lina wiki yake.

Picha ya mwanzo, kabla ya wiki ya 14, huhesabu umri wa mimba karibu na ukweli kuliko picha yoyote ya baadaye. Mama aliyedhani hedhi imekoma kwa utu uzima hawezi kusema kwa uhakika tarehe ya hedhi ya mwisho. Bila picha ya mapema, tarehe ya matarajio katika kadi yake ni ya kubahatisha. Mtoto wa mama mwenye umri mkubwa hapaswi kupitiliza siku tumboni kwa sababu ya hesabu mbovu, wala kutolewa kabla hajakomaa kwa sababu hiyohiyo.

Picha hiyohiyo huonyesha kama mimba imekaa ndani ya kizazi na kama watoto ni wawili. Wahaya wana majina yanayowasubiri mapacha, Ishengoma na Kato kwa wavulana, Nyangoma na Nyakato kwa wasichana, na zamani Nyakato alijulikana baada ya Nyangoma kuzaliwa, mkunga akishangaa tumbo halijaisha. Mama anapokaribia miaka 40 mayai mawili hupevuka kwa pamoja mara nyingi zaidi, hivyo mapacha huongezeka. Ni vyema Nyakato ajulikane mapema, maana mama wa mapacha hafai kujifungulia popote tu.

Kati ya wiki ya 11 na ya 14, mtaalamu aliyefundishwa vizuri na mwenye mashine nzuri anaweza kupima unene wa maji yaliyo nyuma ya shingo ya mtoto. Kipimo hiki kilienezwa na daktari Kypros Nicolaides wa London miaka ya 1990. Maji yakiwa mengi kuliko kawaida, uwezekano wa sindromu ya Down au tatizo la moyo hupanda. Ni kazi ya milimita, si ya kubahatisha, kwa hiyo mama amuulize anayempiga picha kama amefundishwa kipimo hicho.

Kisha ipo picha ya wiki ya 18 hadi 22, ya kukagua viungo: kichwa, uti wa mgongo, moyo, tumbo, figo, mikono na miguu. Hapa huonekana kichwa kikubwa na mgongo wazi, matatizo yanayotibika vizuri zaidi mtoto akizaliwa mahali palipopangwa. Hapa pia huonekana kondo likiwa limeziba njia. Mama aliyezaa kwa upasuaji, mwenye miaka 40, mwenye kondo lililokaa juu ya kovu, akijulikana mapema hujifungulia hospitali yenye damu na daktari bingwa. Asipojulikana, hutokwa damu usiku kijijini.

Vipimo vya kromosomu: vipo wapi?

Tuseme ukweli bila kuzunguka. Vipimo vya kutazama kromosomu za mtoto tumboni si sehemu ya kliniki ya kawaida ya wajawazito Tanzania. Hutavikuta Muleba unapochukua kadi. Lakini mama mwenye umri mkubwa ana haki ya kujua kwamba vipo duniani na vinafanyaje kazi, ili siku akielezwa na ndugu aliyeko Ulaya asibabaike.

Kipya zaidi ni kipimo cha damu ya mama. Mwaka 1997 Dennis Lo na wenzake walionyesha kwamba vipande vya vinasaba vya mtoto huelea ndani ya damu ya mama. Kuanzia mwaka 2011 maabara za nje zikaanza kuuza kipimo hicho. Kuanzia wiki ya 10, damu huchotwa mkononi kama ya malaria, na maabara huhesabu vipande vya kromosomu ya 21, 18 na 13. Katika miji mikubwa ya Afrika Mashariki zipo maabara binafsi zinazochukua damu hiyo na kuituma ng'ambo, kwa gharama inayohesabiwa kwa mamia ya dola.

Ubora wake ni mkubwa, ila hakimalizi maneno. Hesabu iko hivi. Kati ya akina mama 1,000 wa miaka 40, takribani 10 watakuwa na mtoto mwenye sindromu ya Down, na kipimo kitawakamata karibu wote. Kitakosea pia, kimtaje mmoja hivi ambaye mtoto wake hana chochote. Sasa chukua akina mama 10,000 wa miaka 25: wenye hali hiyo ni 8 hivi, lakini watakaotajwa kwa makosa wanaweza kufika 10. Kwa hiyo jibu lilelile lina uzito tofauti kwa mama na kwa bintiye. Na kwa yeyote kati yao, jibu la "ndiyo" huhitaji kuthibitishwa.

Uthibitisho ni sindano. Kati ya wiki ya 11 na 14 huweza kuchukuliwa kipande kidogo cha kondo. Kuanzia wiki ya 15 huchotwa maji ya uzazi kwa sindano nyembamba huku ultrasaundi ikiongoza mkono wa daktari. Seli za mtoto zilizomo hupelekwa maabara na kromosomu zikahesabiwa. Sindano hiyo huweza kuangusha mimba, ingawa kwa mikono yenye uzoefu hutokea kwa chini ya mama 1 kati ya 100. Mama anayeishi na virusi vya UKIMWI anapaswa kuwa kwenye dawa na virusi vyake vimefubazwa kabla ya kuchomwa, na mwenye damu ya kundi hasi apewe sindano yake ya kinga.

Jibu utalifanyia nini?

Kabla ya kutoa mamia ya dola, mume na mke wakae jioni waulizane swali hili, tena kwa sauti. Sheria ya Tanzania hairuhusu kutoa mimba isipokuwa kunusuru maisha ya mama. Sindromu ya Down haina dawa ya kuiondoa. Basi jibu la kromosomu, kwa wazazi wa hapa, lina kazi nyingine.

Kazi ya kwanza ni moyo. Karibu nusu ya watoto wenye sindromu ya Down huzaliwa na tatizo la moyo, na mengi hurekebishwa. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, huwafanyia watoto upasuaji. Mtoto anayejulikana kabla hajazaliwa huchunguzwa mapema. Asiyejulikana huitwa dhaifu, hupewa dawa za kifua, na miezi hupita.

Kazi ya pili ni kujiandaa. Ipo familia inayotaka kujua ili baba, mama, nyanya na watoto wakubwa waizoee habari hiyo kabla mtoto hajafika, wasije wakamsingizia mama uchawi au laana ya kuzaa uzeeni. Ipo nyingine inayosema, "Huyu ni wetu, tutamjua akija," na haitaki kipimo hata kikiwa cha bure. Mhudumu hana haki ya kuidharau familia yoyote kati ya hizo mbili. Anachopaswa kufanya ni kueleza, kisha anyamaze asikilize.

Kagera ina somo lake la zamani katika jambo hili. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa mkoani hapa mwaka 1983, wakati watu wakiuita ugonjwa wa Juliana, kwa jina la nguo zilizokuwa zikiuzwa kwa magendo mpakani. Kwa miaka mingi kupima kuliogopwa kuliko ugonjwa wenyewe, kwa sababu aliyepimwa alipewa hofu peke yake: dawa hakuna, siri hakuna, pa kulilia hakuna. Ushauri nasaha ulipokuja, kisha dawa, kisha huduma ya kumkinga mtoto asiambukizwe na mama, benchi la kliniki likabadilika. Leo mjamzito wa Muleba hupimwa virusi kama anavyopimwa uzito.

Kilichobadilika hakikuwa mashine peke yake. Watu walianza kupima pale kipimo kilipokuja na mtu wa kukieleza na hatua ya kufuata. Atakayeleta vipimo vya kromosomu Kanda ya Ziwa bila washauri waliofundishwa atakuwa ameturudisha mwaka 1983.

Njia ya kwenda mbele

Kwa sasa, mama anayehitaji uchunguzi wa juu kuliko ule wa mkoani hupewa rufaa ya Bugando, Mwanza, hospitali ya kanda iliyofunguliwa mwaka 1971. Safari hiyo imefupika tangu Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025 na foleni ya kivuko ikaisha. Wenye uwezo huvuka Mutukula kwenda Kampala. Lakini kwa anayetoka Bumbire au Goziba, safari huanza kwa boti, na ziwa halisikilizi tarehe ya rufaa. Mama wa kisiwani mwenye miaka 40 na zaidi asingoje uchungu umkute huko. Wiki za mwisho ahamie kwa ndugu aliye jirani na hospitali.

Kuna mambo ambayo halmashauri na hospitali zetu zinaweza kuyafanya bila kusubiri mashine mpya. Zahanati ziandike alama ya wazi kwenye kadi ya kila mama wa miaka 35 na zaidi siku ya kwanza anapofika, ili picha na ushauri wa aspirini visichelewe. Hospitali zitenge hata asubuhi moja kwa wiki kwa ajili ya akina mama hao, bibi mwenye mjukuu asione haya kukaa benchini kwa sababu wanaomzunguka ni wenzake. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao huingia hadi kibanjani, wawaulize wanawake wa miaka 40 kuhusu hedhi zao kwa staha ileile wanayowauliza wasichana. Hayo yote yanahitaji kalamu, ratiba na heshima.

Akina baba nao wasijifiche. Mwanaume anayejigamba kilabuni kwamba bado ana nguvu za kumpa mkewe mimba akiwa na miaka 41, awe na nguvu za kumsindikiza kliniki wiki ya 8.

Na wewe mama unayesoma, au unayesomewa na bintiyo: kama una miaka 35 au zaidi na hedhi imechelewa wiki 2, nunua kipimo cha mkojo leo, usiseme ni utu uzima. Kikisoma mimba, nenda kliniki wiki hiyohiyo, taja umri wako bila kuupunguza, na uulize mambo manne: presha yangu, damu yangu, picha yangu lini, na je, ninahitaji aspirini? Baadaye ukiumwa kichwa kisichopoa, ukiona ukungu machoni, ukivimba uso, ukitokwa damu, au mtoto akipunguza kucheza, usingoje kupambazuke. Nenda kituoni, na ukikosa usafiri piga 115, namba ya bure ya mfumo wa m-mama wa kuwasafirisha wajawazito na watoto wachanga wakati wa dharura.